Saa Kuukuu Nayo ni Mali: Tusiwaachie Wanaume Peke Yao



Leo tuna mada ambayo baadhi yenu mkiisoma mtasema, "Hii si ya kwetu." Tunataka tuzungumze saa za mkono za zamani, zile adimu na za thamani, ambazo watu wanazikusanya kama sisi tunavyokusanya bangili, mikufu na kanga za doti kwa doti. Zikitajwa saa hizi, fikra zetu zinakwenda kwa wanaume wenye fedha zao. Sisi tunaambiwa mambo yetu ni dhahabu, udi na mawaridi, basi.

Hatukubaliani na maneno hayo, na tuna sababu. Sisi tunaoshona nguo za harusi tunakaa na wanawake wakati ambapo mali inahama mikono. Biharusi anakuja kupimwa, huku mama na shangazi wanazungumza nini kitiwe kwenye sanduku na nini apewe bwana harusi. Baada ya miaka familia ile ile inarudi kushonesha nguo za eda, na hapo mazungumzo ni ya mali aliyoacha marehemu. Mara zote mbili saa inatajwa, na mara zote mbili ni mwanamme anayesema ina thamani gani. Sisi tunanyamaza kwa sababu hatujui. Kutojua huku kunatugharimu, na ndiyo sababu ya makala hii.

Saa ya mkono ilianza kwetu

Anayedhani saa ya mkono ni pambo la kiume, tumrudishe nyuma kidogo. Mwaka 1810 Caroline Murat, Malkia wa Naples na dada wa Napoleon, alimwagizia fundi Abraham-Louis Breguet wa Paris saa ya kuvaa mkononi kama bangili. Ilimalizika mwaka 1812. Hiyo ni miongoni mwa saa za mkono za mwanzo kabisa zilizoandikwa katika vitabu vya mafundi. Mwaka 1868 kampuni ya Patek Philippe ya Uswisi ilitengeneza saa ya mkono, nayo pia ilikuwa ya mwanamke, wa tabaka la juu la Hungary.

Wakati huo wanaume walikuwa wanatia saa mfukoni na mnyororo wake. Wengi wao waliiona saa ya mkono kuwa ni bangili ya kike, na walikuwa wanaicheka. Kilichowabadilisha ni Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Askari aliyemo ndani ya handaki hawezi kuingiza mkono mfukoni kila dakika kutafuta saa, basi wakaifunga mkononi kama wanawake. Vita vilipokwisha mwaka 1918 mtindo ukabaki kwao.

Hata saa ya Rolex iliyopata sifa ya kutoingia maji, ile waliyoiita Oyster, yaani chaza, ilipata jina kwa mwanamke. Mwaka 1927 Mercedes Gleitze, mwanamke wa Kiingereza, aliingia kuogelea katika bahari ya baridi kali baina ya Uingereza na Ufaransa akiwa ameivaa shingoni. Hakufika ng'ambo siku ile kwa sababu ya baridi, lakini saa ilitoka majini inakwenda, na mwenye kampuni, Hans Wilsdorf, akalitangaza jambo hilo ukurasa wa mbele wa gazeti.

Na kuna habari nyengine ya wanawake na saa, hii ya kusikitisha. Huko Marekani, miaka ya 1910 na 1920, wasichana waliajiriwa kupaka rangi nambari na akrabu za saa ili zing'are gizani. Rangi ile ilikuwa na madini ya radiamu. Walifundishwa kuilamba brashi kwa midomo ili ichongoke, na radiamu ikawaingia mwilini. Wengi waliumwa mataya na mifupa, na wengine walikufa. Kesi walizofungua zilisaidia kubadilisha sheria za kuwalinda wafanyakazi. Basi asituambie mtu kwamba saa hazituhusu.

Thamani inatoka wapi?

Hapa ndipo wengi wetu tunapopotea, kwa sababu tunaipima saa kwa jicho la dhahabu. Ukienda kwa sonara na bangili, anatazama karati, anaweka kwenye mizani, anapiga hesabu. Saa kongwe haiendi hivyo. Watu wanalipia uchache wake, uasili wake, na habari ya mtu aliyeivaa.

Tutoe mfano mmoja ambao mabiharusi mtaupenda. Mcheza filamu wa Marekani Paul Newman alikuwa pia anashindana mbio za magari. Mkewe, Joanne Woodward, alimnunulia saa ya Rolex Daytona na akachongesha nyuma yake maneno machache ya kumtaka mumewe aendeshe kwa uangalifu. Ilikuwa ya stenlesi, chuma kile kile cha masufuria yetu, na ilipotoka dukani bei yake ilikuwa dola mia chache tu. Baadaye Newman akampa kijana aliyekuwa karibu na binti yake. Mwezi wa Oktoba 2017 saa ile ilipigwa mnada New York na nyumba ya mnada ya Phillips, ikauzwa kwa zaidi ya dola milioni 17. Haikuwa na dhahabu wala almasi. Wanunuzi waligombania aina adimu, mvaaji maarufu, na maneno ya mke yaliyochongwa mgongoni mwake.

Mwaka 2016, mjini Geneva, saa ya Patek Philippe namba 1518 iliuzwa kwa zaidi ya faranga za Uswisi milioni 11. Saa za namba hiyo za dhahabu zipo nyingi zaidi. Hii ilikuwa ya stenlesi, na za stenlesi zinazojulikana ni nne tu. Kwa hiyo katika soko hili chuma kinaweza kuipita dhahabu mara nyingi kwa sababu ni adimu.

Mfano wa tatu uko karibu na nyumba zetu. Katika miaka ya 1970 na kuendelea, Sultani Qaboos bin Said wa Oman, Mungu amrehemu, alikuwa akiagiza saa za Rolex zenye alama ya jambia, nembo ya nchi yake, na nyingi zilipitia duka la Asprey la London. Alikuwa akiwatunuku maafisa, askari na watu waliomtumikia. Leo wakusanyaji wanazitafuta kila pembe ya dunia, na saa yenye jambia la kweli usoni au mgongoni inauzwa mara kadhaa ya bei ya ndugu yake isiyo na jambia. Sasa tujiulize: ni nyumba ngapi hapa visiwani zina baba, mjomba au ami aliyekwenda Maskati miaka ile, akafanya kazi, akarudi na saa? Hatusemi kila saa iliyotoka Maskati ni hazina. Nyingi ni saa za kawaida. Lakini kuna tofauti kubwa baina ya kuuza kitu ukijua ni cha kawaida na kukiuza kwa sababu hukujua.

Saa ya bwana harusi

Sasa tuingie kwenye harusi. Siku hizi biharusi anataka amkabidhi mume saa, picha zipigwe, mikono miwili na visanduku viwili. Ni jambo zuri, kupeana zawadi kunaongeza mapenzi na dini yetu inatuhimiza. Lakini kuna mambo mawili yanatuudhi.

La kwanza ni saa ya dhahabu kwa mwanamme. Dhahabu ni halali kwetu sisi wanawake na ni haramu kwa wanaume wetu, na hili wanazuoni wa madhehebu zote nne wamelieleza. Hata hivyo tunaona biharusi anajinyima miezi, anamnunulia mume saa ya dhahabu, na siku ya kwanza ya ndoa anamvisha kitu ambacho dini imemkataza. Zile zilizopakwa dhahabu juu juu, muulize sheikh wako kabla hujalipa. Ushauri wetu ni mwepesi: mnunulie ya stenlesi. Na kama mlivyoona, stenlesi si unyonge.

La pili ni saa bandia. Tunawajua wanaouza saa zenye majina makubwa kwa bei ya viatu, na tunajua na wao wanajua. Biharusi anasema, "Si muhimu, picha itatoka vizuri." Dada yetu, ni muhimu. Mtume wetu (S.A.W.) ametukataza ghushi na ametukataza kujionesha kwa kitu tusichokuwa nacho. Ukimpa mume saa ya uongo siku ya kwanza, umemfunga mkononi uongo ambao atatembea nao mbele za watu. Na akija kugundua kwa fundi wake wa saa, aibu ni yako.

Kwa fedha zile zile, au ukiongeza kidogo, unaweza kupata saa kuukuu ya kweli. Zipo Omega, Tissot, Longines na Seiko za miaka ya 1950, 1960 na 1970, za kutia ufunguo au za kujijaza zenyewe, ambazo hazina bei za kutisha. Zipo pia ndogo za kike. Hizi soko halizishindanii sana kwa sababu wakusanyaji wengi ni wanaume na wanataka saa pana. Kampuni ya Jaeger-LeCoultre ilitoa mwaka 1929 mashine ya saa ndogo mno, uzito wake kama gramu moja, na Malkia Elizabeth wa Pili alivaa saa yenye mashine ya aina hiyo siku ya kutawazwa kwake mwaka 1953. Hizo ni za kifalme, hatuzifikii. Lakini ufundi wa udogo ule umo hata katika saa nyengine za kike za zama zile, na bei yake mara nyingi inatusubiri sisi.

Itazame kama unavyotazama nguo

Wengine wanasema, "Sisi hatuna elimu ya saa." Sisi wenyewe tumeishia sekondari na kozi ya ushoni, na tunasema jicho mnalo tayari. Mwanamke anayejua kugeuza gauni ndani nje akatazama mshono kabla hajalipa anaweza kujifunza kutazama saa. Mambo ya kuanza nayo ni haya.

Tazama uso wa saa kwanza. Maandishi ya kiwanda kizuri yamenyooka, yana kingo safi, na nafasi baina ya herufi ni sawa. Uso uliopakwa rangi upya unapendeza kwa mbali, ukiusogeza unaona herufi nene au zimepinda. Wakusanyaji wanapenda uso wa asili hata ukiwa umefifia rangi, kuliko uliopakwa upya ukang'ara. Ni kama kanga kuukuu ya bibi: ukiichovya rangi mpya umeiharibu.

Tazama kasha, yaani mwili wa saa. Saa iliyosuguliwa sana ili ing'are inapoteza kingo zake, inakuwa mviringo kama sabuni iliyotumika. Kwa hiyo ukiikuta saa ya zamani nyumbani, usikimbilie kuisugua kwa dawa ya meno wala kuipeleka ikapigwe mashine ya kung'arisha. Kila msuguo unaondoa fedha.

Kama ni ya dhahabu, tafuta muhuri. Namba 750 ni karati 18, 585 ni karati 14, na 375 ni karati 9. Saa nyingi za Uswisi za kabla ya mwaka 1995 zina muhuri mdogo wa kichwa cha mwanamke kwa karati 18, na wa mnyama mdogo kama kindi kwa karati 14. Ukikuta imeandikwa mikroni, mfano 10 au 20, jua hiyo ni dhahabu ya kupaka, na sonara hatakupa bei ya dhahabu.

Kisha fundi wa saa aifungue mbele yako. Ndani mashine iwe na jina la kampuni ile ile iliyoandikwa usoni, au ya kiwanda ambacho kampuni hiyo ilikuwa inanunua kwake. Kuna watu wanachukua uso wa saa hii, kasha la ile na mashine ya nyengine, wakaziunga. Sisi mafundi cherehani tunajua: ukiunga mkono wa gauni moja kwenye kiwiliwili cha jengine, ukipiga pasi vizuri mteja anaweza asione. Lakini si gauni lile tena.

Na zile zenye jambia, kuweni macho zaidi. Kitu kinapopanda bei hivyo, wachoraji wa jambia nao wanaongezeka. Mwenye saa ya kweli aghalabu ana karatasi, kisanduku, picha au habari ya aliyepewa. Saa isiyo na habari yoyote isikutoe akiba yako.

Jambo jengine la usalama. Kama saa ni ya kabla ya miaka ya 1960 na nambari zake zimepakwa ile rangi ya kung'ara gizani, huenda ni radiamu. Ikiwa imefungwa vizuri haina matatizo makubwa ya kuitunza, lakini usiifungue jikoni, usiikwaruze, na usiwaachie watoto wakaichezea. Mwachie fundi anayejua.

Udhu, mkanda na zaka

Saa kuukuu na maji havipatani. Mpira mwembamba unaozuia maji ndani ya saa unakauka kwa miaka, hivyo hata ile iliyoandikwa haingii maji, usiiamini tena. Hapa kwetu kuna chumvi ya bahari hewani, kuna joto, kuna jasho. Itoe kabla ya udhu. Kwanza unailinda saa, na pili unaulinda udhu wako, kwa sababu maji ni lazima yafike kwenye ngozi chini ya mkanda. Mkanda uliobana ukazuia maji, udhu haukutimia. Iweke pahala pakavu, ndani ya kitambaa cha pamba, na kama ni ya kutia ufunguo itie mara moja moja ili isikae miaka bila kutembea.

Ulizia pia mkanda umetengenezwa kwa ngozi gani. Mikanda mingine ya Ulaya ina ngozi ya nguruwe, hasa upande wa ndani unaogusa mkono. Kwa sisi tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafi, ngozi hiyo haitohariki hata ikidabighiwa. Mkanda unabadilishwa kwa fedha kidogo, na wakusanyaji hawalalamiki sana, kwa sababu ni kawaida mkanda kubadilishwa. Wa zamani ukiwa wa asili yake, uutie kwenye mfuko, uuweke mbali.

Kuhusu zaka: pambo la dhahabu la mwanamke analolivaa kwa kawaida, bila kupita kiasi, kwa Mashafi halina zaka, na kwa Mahanafi lina zaka likifika nisabu, ambayo wengi wanaihesabu gramu 85 za dhahabu. Saa ya stenlesi uliyonayo kwa kuvaa ni chombo chako, haina zaka. Lakini ukinunua saa kwa nia ya kuziuza upate faida, hizo ni bidhaa za biashara kama vitambaa vya dukani kwetu. Mwaka ukizunguka unazikadiria bei yake ya siku hiyo, unaichanganya na fedha zako, na ukifika nisabu unatoa asilimia 2.5. Usiiite biashara unapotafuta faida na ukaiita pambo unapotakiwa zaka.

Saa ya baba nayo ni mirathi

Sasa tumefika kwenye jambo zito zaidi. Baba anapofariki, nyumba inaandikwa, shamba linaandikwa, fedha za benki zinaulizwa, mikarafuu inahesabiwa. Saa iliyokuwa mkononi mwake haiandikwi. Kaka mkubwa anaivaa siku ya tatu ya msiba, na hakuna anayesema neno, kwa sababu "saa ya baba ni ya mtoto wa kiume." Nani kasema? Sheria ya mirathi haina fungu linaloitwa saa ya baba. Suratun-Nisaa imewapa wanawake fungu katika kile wanachoacha wazazi na jamaa, kiwe kichache au kingi. Baada ya madeni na wasia, mke mwenye watoto ana thumni yake, binti ana nusu ya fungu la kaka yake, na mama wa marehemu akiwa hai ana sudusi yake. Saa imo humo, kama godoro na kama gari.

Mtasema, "Saa moja tu, ya nini kugombana?" Hatusemi mgombane. Tunasema ikadiriwe. Ikiwa bei yake ni ndogo na nyote mkaridhia kaka aivae kwa ukumbusho, MashaAllah, mmempa kwa radhi zenu na kila mmoja anajua alichosamehe. Ikiwa ni saa ya bei ya shamba, basi kaka anaweza kuichukua katika hesabu ya fungu lake, au iuzwe mgawane. Kinachotukera ni kusamehe usichokijua. Msamaha wa asiyejua tunaona ni kufungwa macho.

Na iko njia nyengine ya kupoteza. Anakuja mnunuzi, pengine mgeni mstaarabu, pengine kijana wa mjini, anauliza kama nyumbani kuna saa mbovu. Mama mjane anatoa tatu, anapewa fedha ya sokoni ya wiki moja, anashukuru. Saa kongwe kutotembea si kufa. Mara nyingi inataka kusafishwa na kutiwa mafuta tu. Msiuze siku ile ile mliyoulizwa. Pigeni picha ya uso, mgongo na mashine, andikeni namba zilizochongwa, tafuteni bei ya saa kama hiyo zilizouzwa minadani, na muulize watu wawili wasiojuana. Mwenye haja ya kweli atarudi kesho.

Je, huu si ubadhirifu?

Kuna dada zetu wacha Mungu watakaosema haya yote ni dunia, na kwamba mwenye milioni 17 za saa angelisha mayatima. Tunawaelewa, na kuhusu mamilioni yale tuko pamoja nao. Saa isiyovaliwa, imefungwa kwenye sefu ili majirani waambiwe, sisi pia hatuoni kheri yake. Israfu ni israfu hata ikiwa kongwe.

Pia hatutaki biharusi asome hapa akauze bangili zake anunue saa. Dhahabu kwanza. Mtoto akiumwa usiku, bangili asubuhi ni fedha. Saa inamsubiri mnunuzi anayejua, na anaweza kukaa mwaka hajatokea. Bei zake nazo zinapanda na kushuka kama mitindo ya mashela. Usikope kwa riba kununua saa, usitumie fedha ya mahari uliyoiwekea jambo la msingi, na usimlazimishe mchumba akupe saa ya jina kubwa kwenye sanduku huku hana kodi ya nyumba.

Tunachokitetea sisi ni kitu kidogo na cha heshima: mwanamke awe na saa moja au mbili za kweli, anazozijua, alizonunua kwa fedha yake safi, anazovaa na anazotarajia kumwachia binti yake. Chongesha nyuma jina lako na tarehe ya ndoa yenu ukipenda, ingawa wapo wanunuzi wasiopenda maandishi ya watu wasiojulikana. Mume na watoto wako wanakujua, na hao ndio unaowachongeshea. Na ujuzi huo huo ukusaidie usidhulumiwe kwenye mali ya wazazi wako. Kujua thamani ya kitu si kukipenda kuliko akhera. Hata mwenye kutaka kutoa sadaka, lazima ajue anatoa nini.

Basi kabla ya Ijumaa ijayo tunaomba kila mmoja wenu afanye jambo moja. Kaa na mama yako, au mavyaa wako, au bibi kama Mungu amemuweka. Muombe afungue sanduku. Zikiwemo saa, zitoeni, zipigeni picha, na chukueni daftari muandike: ni ya nani, aliipata wapi, mwaka gani, alimpa nani. Muandike mbele ya kaka zenu pia, kwa uzuri na kicheko, wakati wote ni wazima na hakuna msiba ndani ya nyumba. Daftari hilo litawaepusha na maneno mengi.

Allah atujaalie tuwe wenye kutunza amana na wenye kupata haki zetu bila ya kudhulumu wala kudhulumiwa, na mabiharusi wetu awape ndoa zenye utulivu na mapenzi. Aamin.